Tajiri wa Mtongwe Aliyezaliwa na Kompyuta

Nyinyi vijana mnaolipa kodi mkiwa mmejilaza kochini, simu mkononi, nawasikia mkilalamika. Mtandao umelala. Mfumo umekataa. Mashine imeniandikia deni lisilo langu. Basi kaeni kitako niwaambie, maana mimi Mwanamkasi binti Omari nimekula mshahara wa ofisi ya kodi upande wa Changamwe tangu nikiwa msichana wa kupiga taipu mpaka siku niliyopewa saa ya ukutani na kuambiwa nikapumzike. Saa yenyewe haikumaliza mwaka. Lakini kazi niliifanya, na kuna siku niliishinda, na leo nataka kujisifu. Asiyetaka kumsikia bibi akijisifu na aende akachaji simu.

Kabla ya kompyuta tulikuwa na Bwana Katana. Alikuwa mkuu wa masijala, mtu wa Kaloleni, mzee wa kanisa, mwenye sauti nene. Masijala yake ilikuwa chumba kirefu chenye droo za mbao toka sakafuni hadi darini, na ndani yake kadi za walipa kodi wote wa upande wetu wa bara, kuanzia Likoni hadi Kisauni. Akitafuta kadi alikuwa akiimba nyimbo za mazishi. Akiipata, hapo hapo alibadilisha akaimba za harusi. Sisi kule mbele tulijua kama mteja ana bahati kwa kusikiliza wimbo tu.

Huyo ndiye aliyenifunza kazi. Siku zangu za kwanza nilimwita mteja, nikainamisha kichwa kwenye karatasi, nikamuuliza jina. Bwana Katana akanipiga kikumbo.

"Mwangalie usoni," alisema. "Halafu muulize ni wa nani, atoka wapi, na jirani yake ni nani. Ukishika jina peke yake utawaua watu hapa."

Alisema kweli. Pwani yetu mtoto hupewa jina la babu, na babu naye alipewa la babu yake. Katika droo moja tulikuwa na akina Mohamed Ali wa kutosha kujaza uwanja wa mpira, na chini yao akina Charo Kazungu wakiwasubiri. Mmoja akilipa, risiti yaingia katika kadi ya mwenzake. Aliyelipa adaiwa tena, asiyelipa aandikiwa shukrani. Nakumbuka mfanyakazi mmoja wa Chaani aliyekatwa kodi kupita kiasi katika mshahara wake akaja kudai arudishiwe. Alianza kuja na mkewe akiwa amebeba mtoto mgongoni. Siku alipolipwa, mtoto yule alikuwa amesimama pembeni yake na sare za shule, anamuuliza baba kwa nini yule mzee aimba.

Lakini msidhani kila mtu alizichukia zile droo. Wakubwa walizipenda mno. Mwenye mali nyingi alikuwa akifungua kadi hii kwa jina lake, ile kwa jina la shemeji, nyingine kwa jina la marehemu shangazi, na kila kadi yaonekana ya maskini wa Mungu. Serikali ilipata makombo, na mwenye mshahara mdogo, ambaye hana pa kujificha, ndiye aliyebebeshwa mzigo. Hilo lilikuwa likiniudhi hata kabla sijajua kompyuta ni nini.

Kompyuta zilitufikia miaka ya tisini ilipoanza. Pamoja nazo alikuja kijana wa kutoka Nairobi, Otieno, mrefu, mkimya mbele ya watu lakini mwenye maneno mengi akiwa na mashine zake. Alitutengea chumba chenye kiyoyozi na kutupa amri: kuvua viatu mlangoni, vumbi lisiingie. Sisi hatukuona shida, kuvua viatu mlangoni tumezaliwa nako. Shida ilikuwa baridi. Kumbukeni watu wa Mombasa hatujui baridi. Wanawake tulijifunika leso mbili mbili, na Bwana Katana akaja na koti lake la misibani, akalivaa humo mchana kutwa.

Siku ya kuiwasha mashine mara ya kwanza, mimi niliwahi mapema nikiwa na chetezo changu, nikatia makaa na udi wa maana, nikaingia kukifukiza kile chumba. Otieno alipofungua mlango na kukuta moshi alipiga ukelele hadi askari wa getini akaja mbio na ndoo ya mchanga.

"Auntie! Auntie, unachoma ofisi ya serikali!"

"Nachoma udi, mwanangu. Mgeni akija nyumbani hufukizwa. Kwenu humwagiwa maji?"

Alizifungua zile mashine moja moja, akazipuliza, akazifuta, huku akininung'unikia kwa Kijaluo. Wiki nzima karatasi zote zilizotoka mle zilinukia kama bibi harusi. Lakini wallahi, ziliwaka zote, hakuna hata moja iliyogoma. Zilipoletwa nyingine baadaye, Otieno mwenyewe alinifuata mezani kwangu akaniuliza kwa sauti ya chini kama sikuja na ule moto wangu. Akaniomba tu niiweke nje ya mlango.

Kazi yetu ilikuwa kuzitoa kadi za Bwana Katana droo hadi droo na kuziingiza katika kompyuta, kila mtu apewe namba yake. Mtu mmoja, namba moja, maisha yake yote. Mimi niliipenda fikra hiyo kuliko nilivyoipenda dhahabu. Charo Kazungu wa Chaani na Charo Kazungu wa Kisauni wasingelipiana madeni tena. Lakini kadi nyingi za zamani hazikuwa na namba za vitambulisho. Msimamizi wetu, Bwana Kilonzo, akatoa kanuni. Pasipo na kitambulisho, tutazame sanduku la posta. Kadi zenye sanduku moja zihesabiwe kuwa za mtu mmoja.

Tena kanuni ile ilianza kwa kishindo. Kompyuta ilimkamata bwana mmoja mwenye nyumba za kupangisha kule Kiembeni, aliyekuwa amejigawa katika kadi chungu nzima, kila jengo na jina lake, lakini barua zote zaenda sanduku moja. Alikuja ofisini akitokwa na jasho katika chumba cha baridi. Akadai hao ni watu mbalimbali, ndugu zake. Bwana Kilonzo akamwambia kwa upole, "Walete." Hakuleta hata mmoja. Alilipa yote, na mshindo wa muhuri siku ile tuliusikia kama ngoma ya harusi. Makao makuu walipiga simu kutupongeza. Bwana Kilonzo alitununulia soda na viazi karai ofisi nzima.

Basi hapo ndipo tulipokuwa, vichwa vimetuvimba, alipoingia Mzee Mwinyihaji.

Mzee Mwinyihaji alikuwa Mdigo wa Mtongwe, mwenye kisiagi, ile mashine ya kusagia mahindi, jirani na nilikozaliwa mimi. Unga wangu wote wa utotoni ulipita mikononi mwake. Aliingia amevaa kanzu safi na kofia yake ya vito, ile ya kushonwa kwa mkono, akasimama mbele ya meza yangu na barua mkononi.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kutazama mali yangu."

"Mali gani, Mzee wangu?"

"Hiyo mliyoniandikia. Naambiwa nina duka la vitambaa, nina mashua, nina karakana ya useremala, nauza mahamri, tena naajiriwa bandarini kupaka rangi meli. Nataka nionyeshwe. Na mke wangu pia ataka kuiona, maana tangu barua ifike aniuliza hizo pesa zote nampelekea nani."

Nilicheka. Ofisi nzima ilicheka. Yeye hakucheka. Alikaa juu ya kiti akavua kofia, akaiweka gotini.

"Mwanamkasi," alisema, "madalali wamekuja jana. Wamekitia kisiagi mnyororo na kufuli. Wasema deni nisipolilipa mwisho wa mwezi watakipiga mnada. Niliuza minazi ya marehemu baba nikakinunua. Kikienda kile, mimi sina kingine."

Niliichukua ile barua nikaisoma. Nilijua papo hapo kilichotokea, na mtu yeyote wa Likoni angejua. Mzee Mwinyihaji ndiye peke yake mtaani kwake aliyekuwa amelipia sanduku la posta. Wenziwe wote walikuwa wakilitumia. Akienda mjini hurudi na barua za mtaa mzima, akazitundika kwa vibanio kwenye kamba ya kuanikia nguo, hapo kando ya kisiagi. Mtu akija kusaga mahindi hutupa jicho kambani kuona kama mwanawe wa Nairobi ameandika. Hivyo ndivyo tulivyoishi, na hatukuona ajabu. Kompyuta nayo, kwa kanuni ya Bwana Kilonzo, iliwakusanya watu wote wa kamba ile ikamfinyanga tajiri mmoja, ikampa jina la mwenye sanduku. Na kodi ya tajiri mnaijua, haitozwi kwa kiwango cha maskini.

Nilikwenda kwa Bwana Kilonzo mbio, sikubisha hata hodi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mtu mbaya, nataka hilo lieleweke.

"Bi Mwanamkasi," alisema, "yule wa Kiembeni pia alisema ni watu wengi."

"Yule alikuwa mwongo."

"Na mimi nitajuaje kama huyu si mwongo? Kwa kuwa ni mtu wa kwenu?" Aliegemea kiti. "Nilichomwambia yule ndicho nitakachomwambia huyu. Awalete. Waje wenyewe na vitambulisho vyao kabla ya mnada. Wakija, nitafuta deni lote. Wasipokuja, sina njia."

Haki yake hiyo, siwezi kuikataa. Ila nyinyi tazameni ule mtego. Watu wa kamba ile, wengi wao, ofisi ya kodi walikuwa wakiipita kwa mbali kama wapitavyo nyumba yenye mbwa. Majina yao tuliyapata kwa leseni za biashara na orodha za waajiri, lakini uso wa mtu hatukuwahi kuuona. Kuja kusema "mimi si Mzee Mwinyihaji" ilikuwa sawa na kusema "mimi ni fulani, nakaa pale, nafanya biashara hii." Ili kumwokoa yeye lazima wajitoe wao.

Mzee Mwinyihaji nilipomweleza alitikisa kichwa. "Sitawaambia. Nitamtazamaje mtu usoni nimwambie aje ajitie deni kwa ajili yangu? Bora kiuzwe."

"Basi nitawaambia mimi."

"Watakuchukia."

"Wanichukie. Wataanza lini kumpenda mfanyakazi wa kodi?"

Jumamosi nilivuka feri na Otieno hadi Likoni, tukaenda Mtongwe. Nilitaka aione kamba kwa macho yake, maana yeye ndiye mwenye kuiamrisha kompyuta. Tulikuta kisiagi kimefungwa, mnyororo umepita katika gurudumu, na wanawake wamekaa na mahindi yao kwenye mabeseni kana kwamba labda kufuli litaona haya lijifungue. Barua zilikuwa bado zinaning'inia. Otieno alizizunguka, akazisoma majina moja moja, akashika kichwa.

"Hii kitu hatukuwahi fikiria," alisema. "Sanduku si mtu, Auntie. Sanduku ni kijiji."

Nilipanda juu ya gunia nikasema nao. Sikuwaficha kitu. Niliwaambia mashine imekosea, na dawa ya kosa ni wao kuja Changamwe na vitambulisho. Mama Kadzo, muuza mahamri, ndiye aliyeuliza walichokuwa wakijiuliza wote.

"Mwanamkasi, wewe mtoto wa hapa hapa. Wataka twende kwa miguu yetu wenyewe, tuwaambie watoza kodi majina yetu?"

"Ndiyo, mama."

"Kisha mtutoze?"

"Mwenye kipato cha kutozwa atatozwa. Mwenye kipato kidogo ataandikwa, apewe namba, arudi nyumbani, hatoi kitu. Wewe na mahamri yako hutoi kitu."

"Na tusipokuja?"

"Kisiagi kitauzwa, na Mzee Mwinyihaji atakuwa amewalipia nyote kwa mali ya baba yake."

Hapo macho yote yakamgeukia Bwana Salimu. Huyu alikuwa na duka la vitambaa na gari la kubebea mizigo, na kila mtu alijua hajawahi kuipa serikali hata thumni. Yeye ndiye aliyekuwa na mengi ya kupoteza. Wengine wote walimngoja yeye. Alisimama, akaenda kambani, akabandua barua yake, akaitia mfukoni, akaondoka. Na watu nao wakaanza kujitwika mabeseni yao, mmoja mmoja.

Nilirudi kwenye feri nimeuma meno nisilie mbele ya Otieno. Niliona haya kwa ajili ya watu wangu, na niliona hasira kwa ile mashine niliyoifukiza kwa udi wa maana. Otieno alininunulia korosho, akasema, "Watakuja, mathe." Yeye alikuwa mgeni, alikuwa hajui kitu. Ndivyo nilivyofikiri.

Siku ya mwisho kabla ya mnada, asubuhi, nimekaa mezani, nikasikia kule masijala Bwana Katana ameanza wimbo wa harusi, na hapakuwa na kadi aliyokuwa akiitafuta. Alikuwa amesimama dirishani. Nilikwenda nikachungulia. Gari la Bwana Salimu lilikuwa likiingia getini, yeye mwenyewe usukani, na nyuma limejaa watu wamesimama wima, mabuibui na vikoi na kofia, mashati ya kanisani na leso juu ya hando, yale marinda ya Kimijikenda, na Mama Kadzo katikati ameshika kitambulisho juu kama tiketi ya mpira. Na nyuma ya gari wengine walikuja kwa miguu toka stendi.

Bwana Salimu aliingia wa kwanza. Aliweka kitambulisho mbele ya Bwana Kilonzo.

"Mimi ndimi duka la vitambaa," alisema. "Kila nikilipita lile kufuli nilijua ni langu. Mzee Mwinyihaji hajui hata bei ya kanga."

"Mimi ndimi mahamri," alisema Mama Kadzo.

"Mimi mashua."

"Mimi rangi ya meli, na mwanikata kodi nyingi, nalo hilo nimekuja kulisema!"

Tuliwaandika kutwa. Otieno alikaa kwenye kompyuta bila kuinuka, akamgawanya yule tajiri kiungo baada ya kiungo. Kila aliyetoka na namba, kiwambo cha kompyuta kilipunguza deni la Mzee Mwinyihaji, na ukumbi ulipiga vigelegele. Bwana Kilonzo alijaribu mara ya kwanza kuwanyamazisha. Mara ya tatu nilimwona akipiga makofi. Mwisho alibaki mzee mwenyewe na kisiagi chake, na kodi ndogo ya haki aliyoilipa pale pale. Alipokea risiti, akaibusu, akaiangalia dari.

"Alhamdulillahi," alisema. "Nilikuwa watu wengi, sasa nimerudi mmoja."

Mimi nililia, na sikujificha.

Na sikilizeni faida yake. Otieno aliifuta kanuni ya sanduku, akaweka ya kitambulisho, na Bwana Kilonzo aliitetea mbele ya makao makuu kwa mdomo wake mwenyewe. Yule mpaka rangi wa meli alirudishiwa pesa zake upesi, mwanawe hajabadilisha hata kiatu, naye akaitangaza habari hiyo bandari nzima. Watu wakaanza kuja bila kuitwa, kuulizia zao. Wengi hawakutakiwa kulipa kitu. Waliotakiwa walilipa kidogo kidogo, lakini walikuwa wengi, na makusanyo ya ofisi yetu yalipanda bila kufuli hata moja. Hapo ndipo nilipojua serikali hupata zaidi kwa mtu anayejulikana kwa haki kuliko kwa mtu anayewindwa. Kompyuta ilifanya kazi hiyo, siinyimi sifa yake. Lakini ilibidi watu wapande gari waje waiambie wao ni nani. Kwa hiyo wewe ukiandikiwa deni lisilo lako, usikae na simu ukaitukana. Inuka, nenda, waoneshe uso wako.

Jumamosi iliyofuata nilibeba debe la mahindi hadi Mtongwe. Kisiagi kilikuwa kikinguruma, unga umetanda hewani, na foleni imefika njiani. Mzee Mwinyihaji alikuwa amesimama mlangoni, mweupe hadi kope, na kila aliyefika mbele alimnyooshea mkono.

"Namba?"

Na mtu aliitaja namba yake ya kodi, toka mwanzo hadi mwisho, kwa moyo, ndipo asagiwe. Aliyekosea alirudishwa nyuma, na wenziwe walimcheka. Mama Kadzo aliisema yake kama anayesoma dua. Bwana Salimu, na gari lake na duka lake, alisimama katika jua na gunia lake kama wengine. Nilijua mimi sitangoja, mimi niliyekiokoa kisiagi kile. Nikapita kando ya foleni, kifua mbele, nikamwekea debe miguuni.

"Namba?" aliniuliza.

Nikaitaja, bila kukosea.

"Sawa kabisa, mwanangu," alisema Mzee Mwinyihaji, akanionyesha mwisho wa foleni. "Haya, nenda ukapange nyuma ya wenzako."

Nikaenda nikapanga. Sijapata kusimama juani kwa furaha kama siku ile.